Mbeleko Iliyosikia Habari za Harusi

Nuhu alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya stesheni ya Tanga, akitupa mateke kwa kila kiatu kilichopita karibu, pale mama yake alipofungua mkoba na kusema neno moja: "Funga."

Kitambaa cha rangi ya maziwa kikatoka mkobani chenyewe. Kikajikunjua, kikatambaa sakafuni kama mtu anayetafuta pete iliyomdondoka, kikampita mtoto chini ya makwapa, kikamzunguka kiuno na makalio, kikamnyanyua. Watu wa kwenye foleni wakasogea. Kitambaa kikapanda nguzo iliyokuwa jirani, kikajifunga fundo huko juu na kuanza kubembea. Tangazo la kupanda treni halijakwisha, Nuhu anakoroma.

"Hicho kinauzwa wapi?" akauliza baba mmoja aliyekuwa na mapacha, pacha mmoja akimvuta sikio na mwingine akila tiketi.

"Bado hakijaanza kuuzwa," akajibu mama yake Nuhu, Mwantumu Singano. "Kikifika Kigoma kikiwa kizima na mtoto ndani, utakipata kila duka."

Aliyasema kwa wepesi, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Ukweli ni kwamba usiku hakulala. Mwantumu ndiye mhandisi aliyekibuni kitambaa kile, kilichoitwa mbeleko-hai, na hilo lilikuwa jaribio lake la mwisho. Katika la kwanza mbeleko ilikuwa imembana mwanasesere mpaka akatoka pamba. Katika la pili ilikataa kumwachia mjumbe wa bodi. Bodi ikasema: jaribio moja zaidi, safari nzima, mtoto wa kweli, likishindikana, maabara inafungwa. Mwantumu akasaini, akaenda nyumbani kumfungashia mwanawe nguo.

Inafaa kueleza kwa nini kitambaa cha kubebea mtoto kilihitaji bodi. Miaka hiyo treni ya Mkuki ilikuwa inapita ndani ya mrija mrefu ulionyonywa hewa, ukatandazwa kutoka baharini mpaka ziwani. Mtu alikunywa chai Tanga na mchana akala migebuka Kigoma. Lakini wachimbaji walipokuwa wanapitisha mrija chini ya kilima kimoja, walikuta kilima chenyewe si udongo. Kilikuwa nepi. Nepi za plastiki za enzi za mababu, zimekunjwa vizuri, zimefungwa kwa gundi yake, ngumu kama siku zilipotupwa. Wenye makalio yao walishazikwa wakaoza kistaarabu, nepi bado zinasubiri. Serikali ikaona aibu, ikatunga Sheria ya Safari Safi: hakuna kifaa cha mtoto kitakachopanda treni kama hakiwezi kuoza.

Nepi za nyuzi za mgomba zikapita. Chupa za uji za wanga wa muhogo zikapita. Vigari, viti na mikoba ya kubebea, vyote vya chuma na plastiki, vikarudishwa mlangoni, na wazazi wenye watoto wadogo wakabaki nyumbani. Kanga haikukatazwa na mtu. Ila mjini hakukuwa na aliyekumbuka namna ya kufungia mtoto mgongoni. Vigari vya umeme vilikuwa vimewaondolea watu kazi hiyo tangu zamani.

Ndipo Mwantumu akabuni mbeleko-hai. Alifuma nyuzi za uyoga zinazojikaza na kujilegeza kama msuli. Ndani ya nyuzi akalaza vijidudu vilaji, vimelala fofofo, vikingoja kuamshwa kwa neno. Neno likisemwa mara tatu, vinaamka, vinakula kitambaa chote mpaka kinabaki unga wa kumwagia mchicha. Mwenzake mmoja alipendekeza neno liwe "rudi udongoni," wakacheka, wakasema hilo ni la makaburini. Wakachagua fupi, la wazi: oza. Maabara nzima ilikuwa ya vijana, wengi hawajaoa wala kuolewa, na hapakuwa na hata mmoja mwenye binti mkubwa. Hakuna aliyeliona tatizo.

Kitu cha mwisho alichokitia kilikuwa pigo la moyo. Mtoto hutulia akisikia moyo wa mama, kwa hiyo Mwantumu alijirekodi asubuhi moja tulivu, chai ameshakunywa, simu ameizima. Pigo hilo la taratibu ndilo lililokuwa linadunda ndani ya nyuzi. Nuhu alikuwa amelilalia tangu akiwa na miezi miwili, mbeleko imening'inia kwenye nguzo katikati ya maabara, mama yake mezani akipima nguvu za nyuzi. Baba yake alikuwa fundi wa kituo cha angani, anayerudi kwa zamu. "Mtoto wenu analelewa na nguzo," wenzake Mwantumu walikuwa wakimtania, naye akijibu kwamba nguzo haina kelele na haiombi likizo.

Behewani, mbeleko ikajifunga kwenye egemeo la kiti cha dirishani. Kutoka kwenye dari jicho dogo la kioo likageuka kuwatazama.

"Karibuni," ikasema sauti laini, safi kama ya msomaji wa taarifa ya habari. "Mimi ni Mkaguzi wa behewa hili. Jaribio limeanza. Mtoto ametulia."

Kiti cha pembeni alikaa mama wa makamo aliyevaa dera la zambarau, amepakata sanduku lililofungwa utepe.

"Shikamoo mama," Mwantumu akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mimi Bi Chausiku. Huyo mwanao kaning'inizwa kama popo, na wewe umekaa umetulia tu."

"Ndivyo anavyopenda."

"Nani kakwambia?"

Mwantumu akacheka. Bi Chausiku hakungoja. Treni ilipoingia kwenye mwendo wake alikuwa ameshaeleza kila kitu: yeye ni shangazi wa bwana harusi, anakwenda Kigoma kwa wakwe, na sandukuni amebeba ubeleko.

"Unaujua ubeleko?"

"Nausikia."

"Ni kitambaa anachopewa mama wa bibi harusi. Ahsante ya kumbeba binti mgongoni mpaka akakua." Akapapasa sanduku. "Sasa huyo mkwe wangu hakumbeba binti yake hata siku moja, alimsukuma kwenye kigari kama gunia la mkaa. Na mimi wangu hivyo hivyo. Lakini ubeleko ni ubeleko. Usipopelekwa, harusi haina mguu."

Simu yake ya sikioni ikalia. Alikuwa baba wa bibi harusi. Kwa upande mmoja wa mazungumzo, behewa zima likaelewa kwamba mzee huyo amepata wasiwasi, anataka harusi isogezwe mpaka mvua zipite.

"Mvua zimekukosea nini, mkwe?" Bi Chausiku akasema. "Ukumbi upo, biriani limeagizwa, shangazi mtu niko ndani ya mrija kama risasi. Wewe oza."

Mwantumu akageuza shingo.

"Sikiliza nikwambie. Oza binti yako, bwana, kijana mwenyewe huyo kakonda kwa kungoja."

"Mama," Mwantumu akasema, akinyanyuka, "samahani, hilo neno..."

Bi Chausiku akamwinulia kiganja, kwa heshima kabisa, kama watu wanavyofanya wakiwa kwenye simu ya maana. "Haya mengine tutayazungumza. Kwa sasa oza tu."

Kitambaa kikanuka kwanza. Harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza, pamoja na uyoga mbichi. Kisha ncha ya fundo ikabadilika rangi, ikawa kahawia, ikaanza kupukutika juu ya kiti kama unga wa ulezi.

"Umefanya nini?" Bi Chausiku akauliza, akikata simu.

"Si mimi. Ni wewe umeiambia ioze."

"Mimi? Mimi nimemwambia mkwe amwoze binti."

"Yenyewe haijui tofauti."

Bi Chausiku akalitazama lile jambo, akatazama simu, akasema polepole, "Na mliitengeneza hapa hapa nchini?"

Mwantumu hakuwa na nafasi ya kujitetea. Vijidudu vikishaamka havilazwi tena. Mbeleko ikafanya kila ilichoagizwa: ikamshusha mtoto taratibu, ikamlaza kitini bila kumdondosha, huku ikiendelea kuisha. Lililokuwa halijaagizwa na mtu ni hili. Pigo la moyo lilikuwa ndani ya nyuzi, na nyuzi zilikuwa zinaliwa. Likapungua. Likaruka mara moja, likaruka tena. Nuhu akafumbua macho, akaweka sikio kwenye kipande kilichobaki, akasikiliza. Moyo ukasimama.

Kilio alichotoa hakikuwa kile cha stesheni. Cha stesheni kilikuwa cha mtoto anayedai. Hiki kiliwafanya abiria waache kutafuna.

Mwantumu akambeba. Nuhu akaweka sikio kifuani pa mama yake, akakaa hivyo kidogo, kisha akajisukuma nyuma kwa mikono yote miwili na kumtazama usoni kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba siyo. Akalia zaidi. Akapewa uji, akaumwaga. Akabadilishwa nepi iliyokuwa kavu. Moyo wa Mwantumu ulikuwa unakwenda mbio kwa hofu, na yeye mhandisi akaelewa, kwa utulivu wa kutisha, kwamba mwanawe anamjua mama mwenye moyo wa taratibu, wa asubuhi ile moja, na huyu wa leo hamjui.

"Mtoto hajatulia," Mkaguzi akasema.

"Tunamsikia," akajibu Bi Chausiku. Alikuwa ameshaanza kufungua utepe. "Mgeuze. Tumtie mgongoni."

"Mama, huo ni ubeleko wa watu."

"Kwani umeandikwa usibebewe mtoto?"

"Unajua kufunga?"

"Sijui. Na wewe?"

"Mimi nimebuni inayojifunga."

"Haya, hatujui wote. Inama."

Mara ya kwanza Nuhu aliteleza akabaki ananing'inia kiunoni kama mkoba. Mara ya pili fundo lilimkaba Mwantumu mwenyewe. Abiria wakaanza kutoa ushauri, na kila ushauri ulikuwa mbaya kuliko uliotangulia. Mwishowe Bi Chausiku akapitisha ncha moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, akazikutanisha kifuani na kukaza kwa goti, na mtoto akakaa. Hawakujua walichopatia ni nini.

Mwantumu akaanza kutembea kwenye ujia, akienda na kurudi. Aliujua uzito wa Nuhu kwa namba. Namba hiyo ndiyo aliyoipigia hesabu za nyuzi. Mgongoni haikuwa namba. Ilikuwa joto, mate, magoti yanayochoma mbavu. Akajaribu kuutuliza moyo wake, nao kwa kuamriwa ukazidi mbio.

Ndipo akahisi kitu. Nuhu, kilio kikiwa kimegeuka kwikwi, alikuwa anampiga mgongoni kwa ngumi yake ndogo. Du. Kituo. Du. Kituo. Taratibu, sawasawa, bila hasira. Mwantumu akasimama. Lilikuwa pigo la mbeleko. Mtoto alikuwa anaufundisha moyo wa mama yake namna unavyotakiwa kwenda.

"Vipi, mwanangu?" Bi Chausiku akauliza.

"Ananisahihisha," Mwantumu akasema.

Aliendelea kutembea. Wakaipita Tabora. Ngumi ikagonga, ikachoka, ikapunguza, ikalala wazi juu ya bega lake. Moyo ulikuwa bado haujatulia vizuri. Nuhu akalalia sikio hapo hapo, juu ya huo huo uliokosea, akasinzia.

Treni ilipopunguza mwendo kuingia Kigoma, Mkaguzi akazungumza tena. "Nimekamilisha tathmini. Mbeleko-hai imeoza bila kubakiza taka. Mtoto ametulia kuanzia Tabora mpaka hapa. Kifaa kimepita. Mhandisi, naomba uthibitishe."

Ilitosha kusema ndiyo. Mwantumu aliwafikiria wenzake wa maabara, na miaka waliyoitia humo. Neno la kuozea angelibadilisha kwa siku moja, hilo halikumsumbua. Ngumi ya Nuhu ndiyo ilikuwa bado inamwasha mgongoni.

"Sithibitishi," akasema. "Mbeleko iliisha kabla ya Tabora. Iliyomtuliza si hiyo."

"Basi kifaa hakikupita. Kwa mujibu wa bodi, hakuna jaribio jingine."

"Najua. Nilisaini."

Abiria wakaanza kushuka. Mwantumu akapeleka mkono kwenye fundo, akamtazama Bi Chausiku. "Wakwe wanakungoja. Nikifungua ataamka."

"Nani kakwambia ufungue?" Bi Chausiku akaokota sanduku tupu. "Utakuja na huo ubeleko mpaka ukumbini. Mama wa bibi harusi aupokee ukiwa na mtu ndani, angalau ajue anashukuriwa nini."

"Na mtoto akiamka?"

"Atakula biriani."

Wakafika mlangoni. Mlango haukufunguka. Jicho la kioo likamwelekea Mwantumu.

"Mtoto Nuhu alipanda na kifaa kimoja, anashuka na kingine," Mkaguzi akasema. "Kitambaa ni pamba, nimekitambua. Kilicho chini ya kitambaa hakijasajiliwa."

"Ni mgongo."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Sheria inanitaka niulize. Kinaoza?"

Bi Chausiku akakohoa kuficha kicheko, kisha kicheko chenyewe kikakatika njiani.

"Kinaoza," Mwantumu akasema.

"Baada ya muda gani?"

Alimsikia Nuhu akihema shingoni mwake.

"Hakijaambiwa."

Jicho likashuka mpaka kwenye fundo, likarudi usoni kwake. Kisha mlango ukafunguka, joto la Kigoma likawapiga usoni, wakashuka.