Zamu ya Jaketi

Kaka yangu ni fundi friji, na hakuna kitu anachokichukia kama baridi. Ndiyo maana asubuhi ile ya mashindano, mvua ilipoanza kabla hatujamaliza chai, nilimcheka. Alikuwa amechuchumaa jikoni, baiskeli ameipindua matairi juu, anasugua mnyororo kwa mswaki wangu wa zamani.

"Mheshimiwa," akasema, maana tangu nianze midahalo chuoni hataki kuniita jina langu, "badala ya kunicheka, iambie mvua ikatike."

"Mvua haisikilizi hoja, Kaka. Vaa sweta."

Mlango ukagongwa, akaingia Mwenyekiti wa klabu yao ya baiskeli. Tunamwita Mwenyekiti ingawa sijawahi kukutana na mtu aliyempigia kura. Mkononi alishika jaketi jeusi la mvua, jepesi, limekunjwa vizuri.

"Vaa hili, ndugu yangu. Kule mlimani hakuna mchezo."

"Na wewe je?"

"Mimi nina la kuzaliwa nalo," akajipigapiga kitambi. Tukacheka wote. Kaka akalivaa palepale. Mwenyekiti alimtazama akipandisha zipu, akamtazama mpaka ilipofika shingoni, ndipo akashusha pumzi. Mimi niliona huo ni upendo.

Upendo! Ngoja niwaambie.

Mwaka uliotangulia, kwenye mashindano hayohayo na mvua ya namna hiyohiyo, rafiki yao wa tatu, Kinyozi, alifia kwenye mteremko. Walimkuta chini ya kona kali, kavaa fulana ya mikono mifupi, vidole vimekakamaa kiasi kwamba hakuweza kubana breki. Mwenyekiti, aliyefika naye kileleni, alieleza kwamba marehemu alikuwa mbishi, alikataa kubeba jaketi. Msibani alilia kuwashinda wenye msiba. Medali aliyopata siku ya mashindano bado imening'inia sebuleni kwake.

Mama yake Kinyozi ni jirani yetu, fundi cherehani. Mwaka mzima alikuwa na neno moja tu: "Mwanangu alikuwa na jaketi. La njano. Kiraka cha kiwiko nilikitia mimi." Watu wakampa pole, wakasema uchungu humchanganya mtu.

Haya. Mashindano yakaanza. Mimi nilitangulia na gari la kwanza hadi kileleni, nikajibanza kwenye kibanda cha bati na chupa ya chai, kazi yangu ikiwa kumpa Kaka kikombe kabla hajaanza kushuka. Ukungu ulikuwa mzito. Waendesha baiskeli walitokea mmoja mmoja, midomo imekuwa ya zambarau, wanapokea chai kwa viganja viwili kama watoto, wanapotea tena.

Kaka alipotokea, hakuwa peke yake. Mbele yake kulikuwa na mtu aliyevaa fulana ya mikono mifupi. Katika baridi ile! Nikamimina vikombe viwili.

"Mpe na huyu," Kaka akasema, meno yakigongana. "Amenivuta mlima mzima. Bila mgongo wake upepo ungenirudisha nyumbani."

Nikageuka na kikombe. Hapakuwa na mtu.

"Ametangulia," nikasema.

"Mbona sikumsikia?" Kaka akatazama njia ya kushuka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, unajua gurudumu la aliye mbele yako kwenye mvua hukutemea maji usoni muda wote. Lake halikunitemea hata tone."

Alipopokea chai, niliona maji meusi yakichuruzika kwenye vidole vyake, yakadondoka ndani ya kikombe. Rangi ya jaketi ilikuwa inatoka. Begani tayari palikuwa na doa la njano. Nikamshika mkono nikaugeuza. Kwenye kiwiko, chini ya weusi uliokuwa ukiyeyuka, palikuwa na kiraka.

"Kaka, usishuke."

Lakini alikuwa ameshanirudishia kikombe na kuondoka; nilisema nikiwa nyuma yake. Ukungu ulikuwa umeshammeza.

Gari la kuokota walioshindwa likafika. Nililiparamia bila kuuliza. Nani yumo ndani? Mwenyekiti, amejifunika blanketi, baiskeli yake haina hata tope. Ati pancha, tena kabla ya kupanda mlima.

Tukashuka taratibu. Dereva alikuwa amebandika uso kwenye kioo.

Kwenye kona ileile, taa zilimmulika Kaka. Amekaa ukingoni mwa barabara. Baiskeli imelala kando yake. Jaketi hana.

Niliruka gari halijasimama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini mzima. Nyuma yangu nikasikia mlango, kisha sauti ya Mwenyekiti. Hakuuliza umeumia. Hakuuliza imekuwaje.

Alinong'ona, "Amekuja?"

Kaka akainua kichwa polepole. Nadhani ndipo alipoelewa, kabla yangu.

"Alinikumbatia kiunoni," akasema. "Nikiwa kwenye kasi. Mikono ya barafu, inapapasa inatafuta zipu. Vidole vyangu vikafa. Breki siisikii. Kona hii hapa. Akaniambia sikioni, 'Zamu yangu.' Nikaburuza miguu chini mpaka nikasimama. Nikalivua. Nikalinyoosha nyuma bila kugeuka." Akanyoosha mkono nyuma kutuonyesha. "Akalipokea."

Mwenyekiti akaketi kwenye tope.

"Tulikuwa na jaketi moja," akasema. "Lake. Tukapatana: nivae mimi wakati wa kupanda, avae yeye wakati wa kushuka. Pale juu akaniambia, 'Haya, zamu yangu.' Nilikuwa nasikia baridi jamani. Nikamwambia nitampa huko mbele. Nikashuka."

"Ukampaka mwenzako matope mwaka mzima," nikamwambia. "Mbishi! Hivi ndivyo ulivyomwita mbele ya mama yake."

"Kila mvua anasimama dirishani kwangu, dada. Kila mvua. Nikalipaka jaketi rangi nyeusi, nikaona labda akimkuta mtu mwingine ndani yake..."

Akafunika uso kwa viganja.

"Ulinitazama nikifunga zipu," Kaka akasema. Ndilo neno la mwisho alilowahi kumwambia.

Tulilikuta jaketi mbele kidogo, limevalishwa kwenye nguzo ya ukingo wa barabara, zipu juu hadi shingoni. Njano tupu. Rangi nyeusi yote ilikuwa imeondoka.

Jumatatu nilisimama mbele ya klabu nzima nikaeleza. Mwenyekiti alikuwa ameshakauka, amenyoa, ametulia. Akatabasamu. "Dada yetu ana kipaji cha kuongea. Ila ushahidi uko wapi? Jaketi la njano si wanauza kila mahali? Na kiraka nani hana?" Wakampigia makofi. Dereva aliyesikia kila kitu aliinama kutazama viatu vyake. Nimeshinda midahalo mingi nisiyostahili, na huo niliostahili nikashindwa.

Basi jaketi nikalipeleka linakohusika. Mama Kinyozi hakulia. Alipapasa kiraka kwa kidole gumba, akaligeuza ndani nje ili alifue. Akasita.

"Mwanangu, kaka yako alianguka?"

"Hapana, Mama."

Kila mwendesha baiskeli akipita kwenye mvua, gurudumu la nyuma humchora mstari wa tope mgongoni. Huo mstari ulikuwepo. Lakini ulikuwa upande wa ndani, kutoka kiunoni hadi shingoni, mbichi, kama uliotoka kwenye mgongo wa mtu mwingine. Fulana aliyoivaa Kaka chini ya jaketi niliifua mwenyewe. Mgongoni ilikuwa safi kama imetoka dukani.

Mama alilifua, likatakata. Mvua iliyofuata, mstari ukarudi.

Sasa halifui tena. Wingu likitanda, hulitundika nje barazani, huliacha zipu wazi, halafu huingia ndani na kufunga mlango. Nimekwenda kuangalia mara kadhaa mvua ikishakatika, kwa sababu mimi ni mtu wa ushahidi.

Kila mara nimelikuta zipu imefungwa hadi shingoni, na ukitia mkono ndani, kuna joto.