Krimu ya Soya

Mama Vishikizo, fundi cherehani, hakutulia. Alishona, akajikuna. Alikata kitambaa, akajikuna tena. Alikuwa ametibiwa saratani ya titi, na sasa alimeza kidonge kila siku. Tangu aanze vidonge hivyo, ngozi yake ilikauka ikawa kama gome.

"Mdogo wangu, paka hii," alisema dada yake, msusi wa chumba cha pili aliyeuza pia krimu, akimpa kikopo. "Ni soya na majani ya chai. Mimea mitupu! Mimi tangu hedhi ikome, ndiyo inayonilainisha uso."

Mama Vishikizo alikifungua kikopo, akakifunga. Akakifungua tena. Moyo ulisita. Asubuhi alikwenda nacho kliniki.

Muuguzi aliuliza, "Umeshajipaka?"

"Bado. Lakini si kemikali, ni mimea."

"Mimea nayo ina kemikali zake, mama. Huikinga na jua na wadudu. Baadhi, hasa za soya, zinafanana na homoni ya kike. Ngozi inaweza kudanganyika, ikadhani homoni imerudi. Aliyekoma hedhi huenda akalainika ngozi."

"Basi nijipake!"

"Subiri. Vidonge vyako vina kazi gani?"

"Kuizuia homoni hiyo isilishe saratani." Akashtuka. "Kumbe nafunga mlango, nafungua dirisha!"

"Kwa kupaka tu, hatuna hakika kama inadhuru. Ndiyo maana daktari aulizwe kwanza. Na vidonge usiviache. Oga maji ya uvuguvugu, kisha paka vaselini isiyo na manukato, ngozi ikiwa bado ina unyevu."

Dada mtu aliposikia, alifura. "Yaani mimi nilitaka kukudhuru?"

"Hapana, dada. Ulitaka nipone. Ila hatukuuliza."

Dada ghafla akashika kichwa. "Ole wangu! Mke wa seremala naye anameza vidonge kama vyako. Nimempa kikopo juzi!"

Walitoka mbio, dada kavaa ndara zisizofanana. Walimkuta mke wa seremala anajipaka shingoni. Walimweleza wakihema. Akanawa, na kesho yake akaenda kumwona daktari.

Taratibu mwasho wa Mama Vishikizo ulipungua, akaanza kuvaa nguo za mikono mifupi. Dada yake bado anauza krimu, lakini hampi mtu kabla ya kumuuliza anatumia dawa gani.

"Makubwa! Krimu tu, mpaka nihojiwe?" mteja mmoja alicheka.

"Kaa, mwenzangu," msusi akamvutia kiti. "Nilikaribia kumpaka mdogo wangu bila kuuliza."