Abee Mbili

Siku ya kwanza, fundi cherehani alimwita bintiye amletee uzi, na abee zikaja mbili: moja kwa mtoto aliyesimama mlangoni, nyingine chini ya meza ya kukatia vitambaa. Akadhani ni mwangwi. Lakini ile ya chini ya meza ndiyo iliyotangulia.

Jina lenyewe halitaandikwa hapa. Lilikuwa la kale, la ukoo wa mumewe, likishuka kutoka kwa bibi hadi mjukuu. Binti wa kwanza alikuwa nalo, akafariki akiwa na miaka saba. Alipozaliwa wa pili, mama mkwe hakungoja hata kitovu kidondoke ndipo ampe jina lile lile.

"Huzikwa mwenye jina, mwanangu. Jina halizikwi."

Fundi, ambaye moyo wake ulikuwa bado kaburini, akakubali, kwa kuwa alitamani mno kuliita tena.

Sasa alipomweleza mkwe habari za meza, bibi alicheka. Afadhali kuitikiwa mara mbili, alisema, kuliko watoto wa siku hizi wasioitika kabisa. Kisha akaliita jina lile mwenyewe, adhuhuri ile, na hakucheka tena. Kila lilipoitwa chumba kilinuka udongo mbichi, na sauti ya chini ya meza ikazidi kukaribia huku ya mtoto ikififia, hata ikawa akiitwa anafumbua kinywa tu, na abee yake inatoka kwingine.

Shehe aliyeletwa alisoma siku saba.

"Marehemu wako yuko kwa Mola wake, dada," alimnong'oneza fundi. "Anayeitika si yeye. Mpe huyu jina lingine, na lile lisitamkwe tena humu."

Wakamwita Kipengo, kwa jino lake la mbele lililovunjika. Nyumba ikatulia.

Lakini uchungu wa mwana haukutulia. Siku kifo cha wa kwanza kilipotimiza mwaka mwingine, Kipengo akiwa shuleni, fundi aliinamia cherehani yake akaliita lile jina, mara moja, polepole, akijua anachofanya. Hakuna aliyeitika. Akamshukuru Mungu, akalia.

Alasiri mtoto alirudi, akatua mkoba. Harufu ya udongo mbichi ikaingia naye.

"Kipengo, mwanangu, mbona kimya?"

Mtoto akatabasamu. Meno yake yote yalikuwa mazima.

Na chini ya meza, kwa sauti ya mtoto aliyechoka kulia, ikasikika: "Abee, mama."