Kengele Mara Mbili

Rafiki yangu Télesphore, mwendesha teleksi wa Kalemie, alikwenda ofisini mchana mmoja wa giza la mvua, kuuliza mji wa Kabalo kwa mashine hali ya mke wake aliyekuwa mahututi. Mke huyo, Noëlla, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kule hadi alipougua, na kabla ya kuandika alizoea kupiga kengele mara mbili.

Télesphore akaandika swali lake. Kengele ikalia mara mbili, herufi zikagonga: "Nimepona, Papa. Nakuja."

"Aksanti, Mungu wangu!"

Fundi wa waya, Papa Augustin, akaingia amelowa, akafunga mlango.

"Unasema na nani, Papa? Waya ya Kabalo imekatika tangu asubuhi. Ni kule njo nimetoka kuiangalia."

Akachomoa umeme wa mashine. Ikabaki sauti ya mvua juu ya mabati.

Kisha kengele, mara mbili, na herufi taratibu: "Umuambie Augustin afungue mulango."