Santuri Isiyochezwa Kavu

Kama uko mezani, maliza kula kwanza. Haya yaliwakuta jirani zetu wa ghorofa ya pili hapa mjini Graz, Gerlinde na mumewe Leopold, na sijui namna ya kuyasimulia bila kumtia mtu kichefuchefu.

Ilikuwa Jumapili kama Jumapili nyingine. Gerlinde alikata keki ya mbegu za popi, akapanga vikombe, na wapenzi wa muziki wakapanda ngazi wakiwa wamekumbatia santuri zao kama watoto wachanga. Desturi yao haikuwa ngumu. Kila mmoja huleta santuri anayoisifu, inachezwa, wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, kisha mwenzake anaichukua akaisikilize nyumbani. Kukataa santuri uliyosifiwa ni sawa na kumwambia mwenye nayo kwamba hana masikio.

Gerlinde mwenyewe hakuwa na makuu katika muziki. Alichopenda ni sauti ya mumewe, ambaye alikuwa mwimbaji wa kwaya, na ambaye kila asubuhi aliimba bafuni mpaka vioo vikatetemeka. Sauti hiyo ndiyo iliyomfanya akubali kuolewa. Kwa mengine yote alikuwa mwanamke mwenye kinyaa. Hakunywea kikombe cha mtu, hata cha Leopold, na nywele moja kwenye supu ilitosha kumlaza njaa.

Siku hiyo alikuja mgeni, Bwana Zwettler, aliyejitambulisha kuwa rafiki wa marehemu Hubert, kaka yake Irmtraud. Irmtraud alikuwa mwanachama wa siku nyingi, mcheshi, mpenda keki. Alipomwona mgeni akiingia, keki yake hakuigusa. Zwettler alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi, suti imenyooka, kucha zinang'aa. Midomo yake tu ndiyo iliyokuwa imelowa muda wote, wala hakuipangusa.

"Hii ni selo tupu," alisema akitoa santuri yake. "Ilirekodiwa kanisani, mbele ya watu. Lakini angalieni, ni ya maji."

Wote walielewa. Wako watu huku wanaozilowesha santuri wakati zinacheza, ili mikwaruzo inyamaze. Ubaya wake ni kwamba ukishailowesha mara moja, umeilowesha maisha. Ukiicheza kavu baada ya hapo, inaharibika. Zwettler akatoa kichupa na brashi, akaipaka mwenyewe, taratibu, kama mtu anayepaka mkate siagi.

Selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, ikalia. Jamani, ililia kana kwamba mpigaji amekaa katikati ya vikombe. Leopold alifumba macho, machozi yakamtoka. Mahali muziki ulipotulia, mtu fulani kanisani kule akasikika akimeza mate.

"Huyo angenikalia jirani ningemtoa nje kwa sikio!" Leopold alisema, na wote wakacheka. Irmtraud hakucheka.

Santuri ikabaki kwa Leopold.

Kesho yake akaiweka kwenye gramafoni bila kupaka kitu.

"Poldi, si umeambiwa ni ya maji?"

"Maji, maji! Kwani hiyo ni samaki?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Ilitoka sauti ya kucha zinazokwangua sufuria. Alipoinua sindano, ilikuja na ute wa kijivu, mzito, unaovutika. Ndani yake mlikuwa na unywele mweupe. Ulinuka kama mdomo wa mtu aliyeamka na homa. Gerlinde alikimbilia sinki la jikoni, kifungua kinywa chote kikarudi.

Tangu hapo Leopold hakuwa na raha. Aliitaka selo ile ya Jumapili. Alijaribu maji ya bomba, akajaribu spiriti. Santuri iliyakataa yote, yakaviringana juu yake kama umande kwenye jani la kabichi. Bafuni hakuimba tena. Chakula kikawa hakipandi. Gerlinde alimbembeleza airudishe kwa mwenyewe, lakini alikuwa anaongea na ukuta.

Siku moja alitoka sokoni na figili zake. Akiwa kwenye ngazi akasikia selo. Safi. Bila mkwaruzo hata mmoja.

Akafungua mlango.

Leopold alikuwa ameinama juu ya gramafoni, mikono mgongoni. Santuri ilizunguka. Ulimi wake ulikuwa nje, mrefu kuliko Gerlinde alivyowahi kuuona. Ncha ilikuwa imegusa santuri, mbele kidogo ya sindano. Mate yalitiririka. Povu lilijikusanya pembeni, la kijivu.

"Inataka ya mtu, Linde," alinong'ona alipomwona. "Ya bomba haitaki."

Hapo ndipo Gerlinde alipoelewa kichupa cha Zwettler kilikuwa na nini. Alitapika palepale, juu ya figili.

Alikimbia kwa Irmtraud. Irmtraud alifungua mlango nusu tu.

"Hubert naye alianza hivyohivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Alikauka, shoga yangu. Tulimkuta kitini, mdomo umejaa ungaunga."

"Na wewe ukakaa unanitazama, hukusema neno!"

"Ningesemaje? Mtu kaleta santuri yake kwa heshima, nimwambie ni mchawi mbele ya watu?" Akaanza kuufunga mlango. "Yule anayemeza mate. Namjua. Ni kaka yangu yule."

Gerlinde hakungoja zaidi. Alirudi nyumbani, akamkuta Leopold amesinzia kitini, mashavu yameingia ndani. Santuri ilikuwa bado inazunguka. Akajikaza, akasikiliza. Hubert akameza. Akameza mwingine. Na mwingine. Kanisa zima lilikuwa linameza. Kisha, karibu kabisa, mtu akakohoa kidogo kusafisha koo, vile Leopold alivyofanya kila asubuhi kabla hajaanza kuimba.

Akaing'oa. Ilikuwa ya moto na laini, kama pipi iliyonyonywa. Akaisokomeza kwenye jiko la kuni, akafunga kijimlango. Chumba kikajaa harufu ya nywele zinazoungua na maziwa yaliyochacha. Leopold akazinduka, akapanua mdomo kupiga kelele. Sauti haikutoka. Haikutoka siku ile, wala haijatoka tena.

Daktari alikuja, akammulika tochi mdomoni. Alimulika kwa muda mrefu. Gerlinde akachungulia kando ya bega lake. Ulimi wa mumewe ulikuwa umejaa mistari, myembamba, iliyobanana, inayozunguka na kuzunguka kuelekea katikati. Daktari hakuandika dawa yoyote. Aliomba sabuni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Jumapili Zwettler akabisha hodi.

"Nimekuja kuchukua santuri yangu, bibi."

"Nimeichoma!"

"Najua." Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nyuma yake, kwenye kiti. "Nitamchukua huyo."

Gerlinde alimbamizia mlango. Alisimama pale ameuegemea, akiapa kwamba mumewe haendi popote. Upande wa pili Zwettler hakugombana wala hakusukuma. Alisema tu, kwa adabu zote:

"Basi usimwache mkavu."

Jioni hiyohiyo ulimi wa Leopold ulianza kupasuka. Gerlinde alimpa maji, yakamporomoka kidevuni. Alimpa maziwa. Alimpaka asali, akampaka glisirini. Hakuna kilichoshika. Nyufa zikatoa damu, kisha damu nayo ikakauka, kisha Leopold akaanza kukwangua mikono ya kiti kwa kucha, anamtazama mkewe, anamtazama tu. Ungaunga mweupe ukaonekana kwenye pembe za mdomo wake.

Gerlinde alilia. Aliziba pua. Alifumba macho.

Akainama.

Leopold yuko hai, anakaa dirishani, shingo amefungwa skafu. Gerlinde amekonda. Dukani hunywa maji akiwa kwenye foleni, midomo imempasuka, na ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Gramafoni waliiuza, na santuri zote. Lakini mchana, majira ya kahawa, wapangaji wa chini yao husikia selo ikishuka kupitia dari, nzuri ajabu, bila mkwaruzo. Inapotulia, wanamsikia mwanamke akimeza mate.