Kahawa Juu ya Gari

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, kila asubuhi ya Walburga ilianza kwa namna moja. Alifagia uwanja, akanywa uji, kisha akaenda kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Msimu wa kahawa ulikuwa umefika, na kazi yake ilikuwa kuigeuza kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa ili ikauke pande zote, kuchambua punje mbovu, na kufukuza kuku. Kijijini kwao Mkumbi, wakati huo ni baridi kweli. Ukungu huchelewa kuondoka, na jua likitoka, mparachichi wa jirani unakitupia kichanja kivuli kabla kahawa haijapata joto.

Kugeuza kahawa si kazi ngumu. Kinachochosha ni kusimama pale huku unasikia wenzako wanacheza rede ng'ambo ya uzio.

"Walba! Njoo basi, tumepungua mmoja!" aliita Gaudiosa, rafiki yake wa darasa la sita.

"Na kuku je?"

"Waambie wakukorogee kikombe kimoja!"

Wasichana wakacheka, na Walburga akabaki na kuku wake.

Nyuma ya nyumba palikuwa na gari la baba yake mdogo, Mansuetus. Lilikuwa gari refu jeupe, na ndani yake mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, friji dogo, taa, na hita ya kupasha chumba joto. Majirani waliliita nyumba yenye magurudumu. Mansuetus, ambaye alikuwa fundi wa magari mjini Mbinga, alilipata likiwa limechakaa, akalifufua kwa mikono yake. Sasa alikuwa akilitumia kuwatembeza wageni. Walikuwa wakilala milimani katikati ya mashamba ya kahawa, kesho yake wakishuka Lituhi kuogelea ziwani.

Jumapili ile ilitarajiwa familia yenye mtoto mchanga. Baba mdogo alikuwa amemwambia Walburga, "Utakwenda nasi umsaidie yule mama kumbeba mtoto. Ziwa utaliona kwa macho yako mwenyewe."

Walburga alikuwa hajawahi kuliona Ziwa Nyasa. Alilijua kwa usipa waliokaushwa tu, wale dagaa wanaoletwa sokoni kwenye viroba. Tangu aambiwe habari hiyo, hakulala bila kuliwaza.

Lakini wiki hiyohiyo ndipo alipopata njia yake ya mkato. Nyuma ya gari kulikuwa na ngazi. Alipanda siku moja kuchungulia tu, akakuta paa tambarare lililozungushiwa vyuma vya kuzuia mizigo, na katikati kioo kipana cheusi cha sola, cha moto kama kikaango. Juu kule hapakuwa na kivuli, wala kuku. Alijua kwamba kioo kile ndicho kinacholeta umeme garini, ila alijiambia kuwa jua ni jingi, litaitosha kahawa na litaitosha betri pia.

Akapandisha kahawa ndoo kwa ndoo, akaitandaza juu ya kioo, akaenda kucheza rede. Jioni, kabla mama yake hajatoka shambani na baba mdogo hajarudi kutoka gereji, aliishusha na kulifagia paa. Kesho yake akafanya vilevile, na siku iliyofuata pia.

"Mwaka huu inakauka vizuri," mama yake, Ida, alisema akiipitisha kahawa kati ya vidole. "Umejitahidi, mwanangu."

Walburga akainama na kuendelea kuchambua punje mbovu.

Jumamosi alitandaza kahawa mapema. Hakuwa amemaliza hata kufua, mara akasikia pikipiki ya baba mdogo. Siku hiyo Mansuetus hakukaa gereji. Alirudi kuliandaa gari, akiwa na Kilian, kijana anayemsaidia kuliosha na kulitunza.

"Shikamoo, Baba mdogo," Walburga alisema, akijizuia kutazama paa la gari.

"Marahaba. Umeshafunga mzigo, binti wa ziwani?"

Walburga akacheka kidogo tu. Kahawa ilikuwa kule juu, na hapakuwa na namna ya kuishusha.

Mansuetus aliingia garini akawasha hita. Feni ilizunguka kichovu, ikatoa mlio kama mtu anayesinzia, ikanyamaza. Moto haukuwaka. Akawasha taa, nazo zikatoa mwanga wa njano uliofifia.

"Gesi imeisha?" Kilian aliuliza.

"Tuliulize jiko." Mansuetus akawasha jiko, moto wa bluu ukaruka. "Gesi ipo. Unaona? Hita hii inachoma gesi, lakini bila umeme haiwaki. Lazima feni izunguke kwa nguvu kwanza ndipo gesi iruhusiwe kupita. Ugonjwa uko kwenye umeme."

Akaanza kuutafuta taratibu, kama ilivyo desturi yake. Alichomoa fyuzi moja moja, akazitazama kwenye mwanga, zote zilikuwa nzima. Alisugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Mwisho akatoa mita na kupima waya unaoshuka kutoka kwenye sola. Jua lilikuwa kali nje, lakini mita ilikuwa karibu na sufuri.

Mama Walburga alisogea na sufuria mkononi. "Shemeji, si muwawekee tu jiko la mkaa humo ndani? Watapata joto."

"Hapana, shemeji! Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua. Hewa yake mbaya huioni wala huisikii harufu. Watalala, na asubuhi hawataamka. Bora niwaambie wasije."

Kisha akamgeukia Kilian. "Wewe ndiye unayeosha gari hili. Umemwagia maji wapi? Sola hii imekufa."

"Mimi? Kule juu sijapanda wiki nzima, kaka!"

"Isingekufa yenyewe. Na friji umeliacha linakula betri bila kuangalia. Nikikukabidhi kitu unakiharibu." Akatoa simu mfukoni. "Ngoja niwapigie wageni. Safari hakuna."

Walburga alikuwa amesimama mlangoni na nguo mbichi mkononi. Kama wageni wasingekuja, ziwa lisingeonekana. Na kama angesema, nani angemchukua mtoto wa namna hiyo kwenye safari? Alimtazama Kilian, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa akikwaruza matope kwenye kiatu chake.

"Baba mdogo, usipige kwanza." Sauti ilimtoka nyembamba. "Sola haijafa. Nimeifunika na kahawa."

"Umeifunika na nini?"

"Kahawa. Iko juu hapo, sasa hivi. Nimeianika wiki nzima ili nipate nafasi ya kucheza. Kilian hajafanya kitu."

Kisha Kilian akapiga makofi. "Yaani mimi nimesemwa kwa ajili ya kahawa!"

Mansuetus hakucheka wala hakufoka. Alipanda ngazi, akatazama, akashuka. "Lete ndoo," alisema.

Waliishusha kahawa yote. Walburga akakifuta kioo kwa kitambaa na maji mpaka utelezi wa kahawa ukaisha. Mama yake alipokea kila ndoo na kuirudisha kahawa kichanjani. Walburga alipomaliza alikwenda kwa Kilian, akamwambia, "Nisamehe, kaka."

"Nimekusamehe. Ila juma hili matairi ni yako kuosha."

Mita sasa ilipanda. Waliliwasha gari lenyewe pia ili injini iisaidie betri, na kufikia alasiri taa ziling'aa. Mansuetus akawasha hita. Feni ikavuma vizuri, moto ukawaka, ukatikisika, ukazima. Akajaribu tena, ukazima tena.

"Sasa hii nini tena?" alijiuliza.

Safari hii Walburga hakusubiri. "Baba mdogo, nilipokuwa nafagia juu, maganda nilikuwa nayasukumia upande huu." Akaonyesha ubavuni mwa gari, penye tundu lenye wavu. "Labda yaliingia hapo."

Hita ilivuta hewa kupitia tundu lile. Mansuetus akafungua wavu, akaingiza vidole, akatoa maganda makavu ya kahawa, konzi nzima. Akapuliza, akafuta, akafunga. Hita ikawaka, moto ukatulia, na joto likaanza kutoka.

Kesho yake wageni walikuja. Mtoto wao, aliyeitwa Glorious, alilala fofofo usiku huo, huku ukungu ukitanda kwenye vioo. Jumatatu asubuhi gari lilishuka kuelekea Lituhi, na Walburga alikuwa ndani yake. Jumamosi jioni na Jumapili nzima alikuwa kichanjani, hakucheza rede hata kidogo.

Kwenye kona moja baba mdogo alisimamisha gari ili breki zipoe. Wageni wakashuka kupiga picha. Chini kabisa, pale Walburga alipodhani mbingu imeanzia, kulikuwa na maji ya bluu yasiyo na ukingo. Alimkumbatia Glorious, akamgeuza naye ayaone maji.

"Baba mdogo," aliuliza hatimaye, "mbona hukuniacha nyumbani?"

Mansuetus alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu. "Waya nikiutilia shaka, nauwekea mita, unanijibu. Mtu sina mita ya kumwekea. Nitajua kile tu atakachonieleza kwa kinywa chake. Ulikosea kwa uvivu, na uvivu umeulipia kichanjani. Lakini ungenyamaza, ningeng'oa sola nzima, Kilian angebeba kosa lisilo lake, na wageni wangekosa safari yao. Ulisema wakati kosa bado linafutika kwa kitambaa. Fanya hivyo siku zote, mwanangu. Sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Nimesikia, Baba mdogo."

"Haya, mwite mama wa mtoto. Breki zimepoa."