Kabla Kivuli Hakijakauka

Jioni ile nilitoka kwenda kununua limau. Limau moja tu.

Muuza matunda alinitazama, akautazama na mkoba wangu mtupu. "Moja, dada? La mafua au la chai?"

"La kuchora."

Alicheka mpaka akashika meza. "Basi ngoja nikuchagulie lenye sura nzuri." Na kweli alichagua, akaligeuzageuza kama anayetafuta mchumba. Nilicheka naye kwa adabu tu, maana miguu ilikuwa inawaka moto. Tangu alfajiri nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, napiga pasi mashuka ya wagonjwa wa watu, na nyumbani mgonjwa wangu mwenyewe alikuwa ananisubiri.

Mgonjwa wangu alikuwa mama. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, kikamwachia mkono wa kushoto na ulimi. Ulimi hasa. Kando ya kitanda alikuwa na kikombe cha bati na kijiko, na akitaka kitu aligonga.

Ti... ti... ti.

Maji. Mto umeteleza. Shuka limelowa. Usiku ti, alfajiri ti. Nilifika mahali nikawa nakisikia kijiko hicho hata kazini, katikati ya mvuke wa pasi, nikageuka na kuitika "Abee mama" mbele ya wenzangu. Walicheka siku za mwanzo. Baadaye wakaacha kucheka.

Dada yangu mkubwa alikuwa anakaa mbali. Alipiga simu kila Jumapili, akaniambia, "Vumilia mdogo wangu, ng'ombe haelemewi na nunduye." Mimi nilimjibu kimoyomoyo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu akiwa mbali huwa na methali nyingi.

Kuchora ndicho kitu pekee kilichobaki kuwa changu. Watoto wa shule ya msingi wakishaondoka, mzee mmoja alitufundisha rangi za maji katika darasa lao. Tulikuwa watu wazima wachache, magoti yamebanwa kwenye madawati madogo, kila mmoja na tunda lake mbele. Mwalimu alikuwa na sauti ndogo, mpole, na hakuinuka kitini hata siku moja. Watu walimbeba wakamleta, watu walimbeba wakamrudisha. Sisi tulimpelekea kazi zetu mezani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Lete nione hicho kiazi."

"Ni limau, Mwalimu."

"Basi lipe mwanga, lisikasirike."

Alitufundisha kuiacha karatasi nyeupe pale mwanga unapopiga, kwa kuwa ukishaipaka giza huirudishi tena. Alitufundisha kwamba kivuli si cheusi. "Kitazame. Kina samawati ndani. Na hapa karibu na limau kimeazima njano." Nilitazama, nikaona ni kweli. Miaka yote nilikuwa naishi na vivuli na sijawahi kuviangalia.

Kosa langu lilikuwa moja, la woga. Niliogopa rangi mbili mbichi zisije zikavujiana, kwa hiyo kati ya kitu na kivuli chake niliacha uzi mwembamba wa karatasi nyeupe. Matunda yangu yote yalielea.

"Kivuli kiguse," Mwalimu alisema siku ile ya limau. "Kitu kikiguswa na kivuli chake ndipo kinatulia." Kisha akaacha kuitazama picha, akanitazama usoni. "Nani anaumwa kwako?"

Nilimwambia.

"Umechoka?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu mama aanguke. Wote walimuulizia yeye. Nilijikuta nalia, mbele ya watu, nimeshika limau.

Mwalimu alinisubiri nimalize. Akatoa mfukoni kifuniko cha chupa chenye rangi iliyokauka, samawati iliyofifia. Kilinuka chumba kilichofungwa siku nyingi.

"Ya vivuli tu," alinong'ona. "Chora vitu vya nyumbani. Vile vinavyokuchosha."

Nilidhani ni mbinu ya kufundishia.

Nyumbani, mwanga mzuri ulikuwa chumbani kwa mama tu, kwa hiyo meza yangu niliiweka pale, kati ya kitanda chake na dirisha. Nilichora jioni baada ya kumwogesha, na yeye akawa msimamizi wangu. "Hilo ni limau au goti la marehemu bibi yako?" Nilipokosea alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Zilikuwa saa zetu nzuri, zile. Nataka ijulikane kwamba nilimpenda mama yangu.

Nilianza na kitana. Nywele zake zilikuwa nyingi na ngumu, na kuzichana kila asubuhi ilikuwa vita. Nilichora meno ya kitana, nikalowesha ile samawati, na safari hii sikuacha uzi mweupe. Nilikiacha kivuli kiguse. Rangi ikaingia chini ya meno yenyewe, jino kwa jino, kabla sijaisukuma.

Mama alijigusa utosi kwa mkono wa kushoto.

"Kichwa kimepoa," akasema.

Asubuhi nywele zake zilikuwa zimelala vilevile nilivyozichana jana. Na kesho yake. Na siku zilizofuata. Kitana kilikaa juu ya meza kikashika vumbi, na mimi nikashukuru kwa bahati hiyo ndogo.

Nikachora kikombe.

Usiku ule hakuomba maji. Asubuhi nilimpelekea, akageuza uso. "Sina kiu." Jioni, sina kiu. Midomo yake haikupasuka. Shuka lake halikulowa. Mimi ni mtu wa mashuka. Najua uzito wa shuka kavu mkononi. Nililikunja lile nikasimama nalo katikati ya chumba nikitabasamu peke yangu.

Ningepaswa kuogopa. Nilikwenda kulala.

Lakini kijiko kilibaki. Kiu haikuwapo, njaa ilikuwa inapungua, ila aligonga tu kwa mazoea, au kwa upweke, sijui. Ti... ti... Nikisimama mlangoni ananitazama. "Nilitaka kukuona tu." Ni usiku wa manane, na alfajiri pasi zinanisubiri.

Nilipochora kijiko sikujidanganya tena. Nilijua ninachotaka. Nilitaka usiku mmoja.

Nikaupata.

Nililala kama sijawahi kuzaliwa. Nikaamshwa na jua machoni, na ukimya. Nyumba nzima... kimya. Nikaruka kutoka kitandani.

Mama alikuwa macho, anatazama dari, anatabasamu. Nilimshika mkono. Baridi. Nikaweka sikio kifuani kwake.

Hakuna.

Nikasubiri.

Hakuna...

Tu.

Moyo ulipiga mara moja, ukakaa. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe nyingi kabla haujapiga tena.

"Mama?"

"Nimepumzika, mwanangu," akanong'ona. Midomo haikujisumbua sana kusogea. "Wewe je?"

Sikwenda kazini. Nilimwomba jirani, yule aliyemchungulia mama nikiwa kazini, akae naye, nikaenda kukaa kwenye ngazi za shule mpaka walipomleta Mwalimu. Wawili walimbeba na kiti chake, wakanipita usawa wa uso, ndipo nikaviona viatu vyake kwa chini. Ngozi ya juu ilikuwa imezeeka, imepasuka. Soli hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Nilimfuata ndani, wenzangu hawajafika bado.

"Mwalimu, nifanyeje? Nataka arudi kama alivyokuwa. Na kelele zake zote."

Alifikiri. "Ikiwa mbichi, inatoka kwa maji. Ikikauka, imekaa."

"Zimekauka zote!"

"Basi zimekaa."

"Nani alikufundisha mambo haya?"

"Mchoraji alikuwa mke wangu." Alitazama magoti yake kama mtu anayetazama shamba aliloliuza zamani. "Mimi nilikuwa mtu wa kulalamika. Kila jioni, miguu, miguu, miguu. Akanionea huruma." Akatabasamu. "Alinipenda sana yule mwanamke."

Nilitafuta uchungu usoni mwake, sikuuona hata chembe. Nikatoka mbio.

Nilifika nyumbani jua linaelekea kuzama. Nilimshukuru jirani, akaenda zake akisema mgonjwa leo hakumsumbua hata kidogo. Nikavua viatu mlangoni mwa chumba cha mama, nikakusanya zile karatasi tatu, nikakimbilia jikoni. Kama Mwalimu alikosea? Mzee naye ni binadamu. Nikajaza beseni maji, nikazamisha, nikasugua kwa vidole, kisha kwa sabuni, kisha kwa ile brashi ya kola za mashati.

Kitana kikafutika. Kikombe kikafutika. Kijiko kikaenda na maji.

Vivuli vikabaki.

Vitatu, samawati, vimelala juu ya karatasi tupu bila vitu vyake. Nilisugua mpaka karatasi ikatoboka, nikaona samawati imepita mpaka upande wa pili. Ile harufu ya chumba kilichofungwa ilijaa jikoni.

Ndipo niliposikia sauti kutoka chumbani.

Haikuwa kijiko.

Chuk... chuk... chuk.

Naijua sauti hiyo. Ni brashi inaoshwa kwenye glasi.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama.

Nilikwenda nikishika ukuta. Mama, ambaye hakuweza kukaa bila mimi kumwinua, alikuwa amekaa. Sinia la dawa liko mapajani, karatasi yangu juu ya sinia, brashi yangu katika mkono wake wa kushoto. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama sakafuni, pale mlangoni nilipovua viatu vyangu.

Juu ya karatasi kulikuwa na vitu viwili vibaya kama viazi. Mama hakuwahi kuchora maishani mwake. Lakini jioni zote zile alikuwa amenitazama, na kivuli alikiweka sawasawa: samawati, laini, kimeazima udongo kidogo wa ngozi ya kiatu. Kati ya viatu na kivuli alikuwa ameacha uzi mwembamba, mweupe.

"Mama. Acha."

"Unasimama sana," akanong'ona.

"Mama, tafadhali..."

"Tangu uanze hiyo kazi. Unasimama sana, mwanangu."

Ncha ya brashi ikapita juu ya ule uzi mweupe, taratibu, kama mtu anayefumba jicho la maiti.

Miguu yangu ikaniacha.

Sikuanguka kwa kishindo. Niliteremka tu, mgongo ukiteleza kwenye ubavu wa kitanda, nikakaa sakafuni. Na ule moto, ule moto wa miguu niliokuwa nao miaka, ukazimika. Sikuwa nimejua ulivyokuwa mkubwa mpaka ulipozimika. Nilitoa pumzi ambayo sikumbuki niliivuta lini.

Sinia lilikuwa usawa wa macho yangu. Rangi ilikuwa mbichi bado. Mwanga wa dirishani ulikuwa unang'aa juu yake kama juu ya kidimbwi, na glasi ya maji ilikuwa pale pale, kando ya karatasi. Ikiwa mbichi, inatoka kwa maji. Mwalimu aliniambia mwenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono na kuimwaga.

Nilinyoosha mkono. Vidole vikafika ukingo wa sinia.

Mama akaweka mkono wake baridi juu ya kichwa changu. Akaanza kunipapasa, hivi, kuelekea kisogoni, alivyokuwa akifanya nikirudi shule na homa. Hakuna aliyekuwa amenigusa kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa nagusa watu, nageuza watu, nafuta watu. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Pasi, mvuke, mashuka, vyote vilikuwa mbali sana na havikunihusu.

Nikasema moyoni, ngoja nipumzike kidogo tu. Halafu nitaimwaga.

Karatasi iling'aa.

Iling'aa kidogo.

Halafu ikawa karatasi tu.

Madaktari wamenipima miguu, wakachoma sindano, wakagonga magoti kwa kinyundo. Wameniambia ni mishipa. Sikubishana nao. Dada yangu mkubwa ameacha nyumba yake na watoto wake, amekuja kutuuguza, na methali zimemwisha. Vitanda vyetu viko chumba kimoja ili asitembee sana. Mama hamsumbui kabisa. Mimi ndiye bado nala, nanywa, nalowesha. Ndiye ninayemwita usiku anigeuze. Jioni namsikia akisimama kwenye korido, ameshika kiuno, anavuta pumzi kabla ya kuingia na beseni.

Jana alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Amekonda. Akaniegemea begani kama mtoto.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "nimechoka."

Nilitazama ng'ambo. Mama alikuwa macho, ananitazama.

Nampenda sana dada yangu. Nikamwomba anisogezee ile meza, na anibadilishie maji kwenye glasi.